Kuchagua chuo kimoja Marekani kwa ombi la mapema: mwongozo kamili kwa mwanafunzi na mzazi

Fomu za kuomba vyuo vya Marekani zinapofunguliwa Agosti, wanafunzi wengi wa kwetu huanza kwa kuuliza chuo gani kina jina. Kwa anayetaka kuomba mapema na kujifunga na chuo kimoja, kuanzia hapo ni hatari. Wangari Maathai alipopata nafasi ya kusoma Marekani mwaka 1960, alikwenda Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha Kikatoliki cha wasichana huko Atchison, Kansas, akahitimu biolojia mwaka 1964. Kofi Annan alimaliza Macalester, Minnesota, mwaka 1961. Vyuo hivyo havikuwa na jina kubwa Nyeri wala Kumasi, na vilifanya kazi yake sawasawa.

Mwongozo huu unahusu vyuo vya namna hiyo, hasa vile vinavyochuja sana waombaji: Williams, Amherst, Swarthmore, Pomona, Bowdoin, Carleton na wenzao. Marekani huitwa liberal arts colleges. Hapa nitaviita vyuo vya elimu pana. Vingi vina wanafunzi kati ya 1,500 na 2,500 hivi, vinafundisha shahada ya kwanza zaidi ya kitu kingine chochote, madarasa ni madogo, na somo kuu hulitangazi mpaka karibu na mwisho wa mwaka wa pili. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: pesa kwanza, masomo pili, maisha ya kila siku tatu, jina mwisho kabisa.

1. Jua unachokisaini

Kwenye fomu utaona maneno Early Decision, kwa kifupi ED. Ni ombi la mapema lenye ahadi: chuo kikikukubali, unakwenda, na maombi yako mengine yote unayaondoa. Dirisha la kwanza kwa kawaida hufungwa kati ya tarehe 1 na 15 Novemba, majibu yakatoka katikati ya Desemba. Vyuo vingi vina dirisha la pili, linalofungwa mwanzoni mwa Januari na majibu yake kutoka Februari. Amherst na Williams vina la kwanza tu.

Makubaliano hayo yana sahihi tatu: yako, ya mzazi au mlezi, na ya mwalimu anayeiwakilisha shule. Hakuna atakayekupeleka mahakamani ukivunja ahadi, lakini shule yako itakumbukwa, na wadogo zako watakaoomba mwakani ndio watakaolipa. Mkuu wa shule anapaswa kuelezwa hivyo kabla hajaweka muhuri.

Kuna mlango mmoja wa kutokea. Msaada wa fedha uliopewa ukiwa hautoshi kukuwezesha kusoma, unaweza kuomba kuachiliwa. Mlango huo upo kwa dharura, usiufanye ndiyo mpango wako.

ED haikuzuii kuomba vyuo vya nyumbani, wala vyuo vingine vya Marekani kwa njia ya kawaida. Marufuku ni kupeleka ED mbili kwa wakati mmoja. Unachokipoteza hasa ni nafasi ya kuweka barua mbili tatu za misaada mezani na kuzilinganisha. Kwa familia yenye uwezo, hasara hiyo ni ndogo. Kwa familia inayohitaji kulipiwa karibu kila kitu, ni kubwa, na ndiyo maana hatua inayofuata nitaipa nafasi zaidi kuliko nyingine zote.

2. Pesa

Gharama za mwaka mmoja katika vingi vya vyuo hivi, yaani ada, malazi, chakula na bima, zimepita dola 85,000. Usikate tamaa kwa namba hiyo, wala usiisahau. La kuuliza ni hili: chuo kinamtendeaje mwombaji wa kigeni anayeomba msaada? Kuna makundi matatu.

Kundi la kwanza ni vyuo ambavyo havitazami uwezo wako wa kulipa vinapoamua kukukubali, hata kama wewe ni mgeni, na vikikukubali vinaziba pengo lote. Kwa vyuo vya elimu pana kundi hili ni dogo: Amherst, Bowdoin, na Washington and Lee.

Kundi la pili huangalia uwezo wako wakati wa kuamua, lakini chuo kikishakukubali kinakulipia mahitaji yako yote kama kilivyoyakokotoa chenyewe. Humo wamo Williams, Swarthmore, Pomona, Vassar, Macalester na Colby.

La tatu hutoa punguzo la sehemu tu na kukuachia pengo. Kwa mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi au wa mkulima wa kahawa, chuo cha kundi hili hakifai kwa ED, hata kikiwa kizuri namna gani. Kiombe kwa njia ya kawaida, uone kitakupa nini.

Katika kundi la pili ED ina faida ya kweli. Fungu la misaada kwa wageni lina kikomo, na sehemu yake hutolewa kwa wanaokubaliwa mapema. Ukisubiri dirisha la kawaida, unagombania kilichobaki. Na usijidanganye kwamba utaingia bila kuomba msaada kisha uuombe ukishafika. Vyuo vingi humwambia mgeni waziwazi kwamba asiyeomba msaada wakati wa maombi hatapewa baadaye.

Hayo yote unaweza kuyahakiki mwenyewe, bila kumlipa wakala hata senti. Tafuta mtandaoni jina la chuo pamoja na maneno Common Data Set. Ni waraka ambao vyuo vingi huutoa kila mwaka, wenye vipengele vilivyopewa herufi na namba. Fungua H6. Hapo utaona wanafunzi wa kigeni waliopewa msaada ni wangapi, kila mmoja alipata wastani wa dola ngapi, na jumla yake. Kisha rudi B2 uone idadi ya wageni wote chuoni.

Tuseme gharama za vyuo viwili ni sawa, dola 88,000. Kimoja kimewapa wageni 140 wastani wa dola 76,000. Kingine kimewapa wageni 160 wastani wa dola 31,000. Kwa kuangalia idadi pekee, cha pili kinaonekana kikarimu zaidi. Lakini aliyepata wastani huko anatakiwa kutafuta dola 57,000 kila mwaka, kwa miaka minne. Ndugu wote wa ukoo wakichanga, pesa hiyo haipatikani. Chuo cha kwanza kiweke kwenye orodha, cha pili kifute.

Baada ya hapo kaeni na wazazi mezani mzungumze namba halisi. Vyuo vingi vya aina hii hutumia fomu ya CSS Profile kukadiria mchango wa familia, na unaruhusiwa kujaza kwa fedha ya nchini kwako. Nimeona familia nyingi zikiumia hapa kwa jambo moja: kuandika mauzo mahali pa kipato.

Chukua mama mwenye duka la vitenge. Mauzo yake kwa mwezi ni shilingi 1,800,000 za Tanzania. Mzigo anaununua kwa 1,300,000, kodi ya fremu 150,000, na usafiri, umeme na ushuru 50,000. Kinachobaki ni 300,000. Kipato chake cha mwaka basi ni milioni 3.6. Mtoto akijaza mauzo, ataandika milioni 21.6, mara sita ya ukweli, na chuo kitaidai familia mchango ambao haipo namna ya kuupata.

Kama hakuna hati ya mshahara, mzazi aandike barua ya ukurasa mmoja yenye mchanganuo huo, aisaini, na iambatanishwe na taarifa ya benki au ya akaunti ya simu. Shamba, ng'ombe, nyumba ya kupangisha, pesa anazotuma kaka aliye Muscat au Dallas, vyote vitajwe. Kuficha ni hatari kuliko umaskini. Barua ya msaada ikiegemea uongo, inaweza kufutwa ukiwa umeshafika.

CSS Profile ina ada. Chuo kikiona huwezi kulipa, mara nyingi hutoa namba ya msamaha. Waandikie ofisi ya misaada barua pepe fupi na ya heshima. Katika barua hiyohiyo uliza kama wanaweza kukupa makadirio ya msaada kabla hujasaini ED. Vikokotoo vilivyopo kwenye tovuti zao vingi vimetengenezwa kwa ajili ya Wamarekani, kwa hiyo usitegemee jibu lake kabla hujauliza.

Mzazi aliyeko Marekani mwenye mtoto mwenye uraia au kadi ya kijani, hesabu yenu ni tofauti: mtajaza pia FAFSA, fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa masomo, na vyuo vingi zaidi havitaangalia uwezo wenu wakati wa kuamua. Hata mtoto aliyezaliwa Marekani akalelewa Mwanza anahesabiwa hivyo, kwa kuwa ni raia. Na mtoto anayesoma sekondari huko huko Marekani, kipato cha nyumbani kikiwa kidogo, aangalie QuestBridge, mpango unaowaunganisha wanafunzi wa kipato kidogo na vyuo vinavyotoa msaada, kabla hajafikiria ED, maana dirisha lake hufungwa mapema zaidi, mwishoni mwa Septemba.

3. Masomo

Ukishachuja kwa pesa, orodha itakuwa imebaki na vyuo sita au saba. Sasa acha picha za majani mekundu ya vuli, ufungue orodha ya kozi.

Angalia idara ya somo unalolitaka ina walimu wangapi, na kozi za juu zilizofundishwa miaka miwili iliyopita ni zipi. Chuo kidogo kinaweza kuwa na idara ya fizikia ya walimu wachache mno, na kozi unayoitamani ikafundishwa mwaka mmoja ikaruka mwingine. Hapo vyuo jirani husaidia. Mwanafunzi wa Amherst anaweza kusoma kozi Smith, Mount Holyoke na Chuo Kikuu cha Massachusetts. Pomona imezungukwa na vyuo ndugu zake vya mji wa Claremont. Haverford na Bryn Mawr hushirikiana kwa karibu sana.

Uhandisi vyuo vingi vya elimu pana havina. Swarthmore, Smith, Harvey Mudd na Lafayette wanao. Udaktari uelewe vizuri: Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shule nyingi za udaktari hazipokei wageni au huchukua wachache mno. Ukiwa na hakika unataka kuwa daktari Kenya au Tanzania, Muhimbili au Nairobi ni njia fupi na ya heshima. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu wazazi wengi humpeleka mtoto wakiamini atarudi na koti jeupe baada ya miaka minne.

Angalia pia namna ya kufundisha. Amherst na Grinnell hazikulazimishi mlolongo wa kozi za lazima nje ya somo lako kuu. Carleton hugawa mwaka katika mihula mitatu ya haraka haraka. Williams ina kozi ambazo wanafunzi wawili hukaa na profesa mmoja kila wiki: mmoja analeta insha, mwenzake anaikosoa, wiki inayofuata wanabadilishana. Kwa mtu aliyetoka darasa la watu sitini, ambako mwalimu akiuliza swali wote wanainama, hiyo ni zawadi, na ni mtihani pia. Swarthmore husaidia kidogo kwenye mpito: muhula wa kwanza alama zako hazihesabiwi kwa herufi, ni kufaulu au kutofaulu.

4. Maisha ya miaka minne

Williamstown ni kijiji kati ya milima. Grinnell iko katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa. Swarthmore ina kituo cha treni mlangoni, na Philadelphia ni mwendo wa nusu saa. Macalester iko ndani ya mji wa St. Paul, kwenye jumuiya kubwa ya Waafrika Mashariki, Wasomali hasa, kwa hiyo sambusa, msikiti na msusi wa kukusuka viko karibu. Mtu aliyekulia Kariakoo na aliyekulia Bukoba vijijini hawatachagua sawa, na wote watakuwa sahihi.

Baridi ya Minnesota Januari inaweza kushuka chini ya nyuzi 20 za hasi. Koti na viatu vya theluji si vitu vya hiari, kwa hiyo uliza kama chuo kina fungu la kuwanunulia wanafunzi wageni nguo za baridi.

Maswali haya waulize wanafunzi waliopo, siyo ofisi ya udahili: Mabweni yanafungwa Desemba? Wasiokwenda nyumbani hulala wapi na kula nini? Nauli ya ndege imo kwenye msaada, au ni ya kwanza tu? Kazi ya chuoni, ambayo mwenye viza ya masomo anaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, hupatikana kwa urahisi? Jikoni wakati wa Ramadhani hufunguliwa saa ngapi? Waandikie chama cha wanafunzi Waafrika cha chuo hicho. Watajibu, na majibu yao yatakufaa kuliko video kumi za matangazo.

5. Pima nafasi yako bila kujipaka mafuta

Utasikia kwamba asilimia ya wanaokubaliwa kwa ED ni kubwa kuliko ya kawaida. Ni kweli, na utaiona kwenye kipengele C21 cha ule waraka wa Common Data Set. Lakini angalia waliomo ndani ya namba hiyo. Williams, Amherst na Bowdoin, karibu theluthi ya wanafunzi wote ni wachezaji wa timu za chuo, na wengi wa wale walioitwa na makocha hupita dirisha la ED. Ukiwatoa hao, faida unayobaki nayo ni ndogo kuliko inavyoonekana.

Wakimbiaji wa kwetu nao wajue kwamba vingi vya vyuo hivi viko daraja la tatu la michezo, ambalo halina skolashipu ya riadha. Kocha anaweza kukuunga mkono kwenye udahili. Kukulipia hawezi.

Kipengele C7 kinaonyesha vitu ambavyo chuo huvipa uzito. Kama kuonyesha nia kunahesabiwa, hudhuria vikao vyao vya mtandaoni kwa barua pepe ileile utakayojazia fomu. Kuhusu SAT, mtihani wa Marekani wa kuomba vyuo, vyuo vingi havikulazimishi, na Bowdoin haijalazimisha tangu 1969. Alama zako zikiwa za juu, zipeleke. Ofisi ya udahili isiyoijua shule yako ya kata itapata cha kushika.

6. Pangilia kalenda yao na yetu

Kidato cha sita Tanzania hufanya mtihani wa taifa Mei, kwa hiyo Novemba mwombaji bado yuko darasani na walimu wake wapo wa kuandika barua. Hilo ni jambo zuri. Tatizo huja Juni: wahitimu huitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa miezi mitatu hivi, ilhali vyuo vya Marekani hufungua mwishoni mwa Agosti. Ukipata barua ya chuo Desemba, anza kuulizia utaratibu mapema, usisubiri majina yatoke.

Kenya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, huangukia Novemba, mwezi uleule wa ED. Wengi hungoja matokeo kisha huomba mwaka unaofuata, na KenSAP, mpango wa kuwasaidia Wakenya kuomba vyuo vya Amerika Kaskazini ulioanza mwaka 2004, huwachukua wanafunzi kwa mtindo huo: baada ya KCSE, kisha mafunzo, kisha maombi. Usione mwaka huo kama umepotea. Asiyetaka kungoja, dirisha la pili la Januari linampa mwezi mmoja wa kupumua baada ya karatasi ya mwisho.

Halafu viza. Juni 2025 Marekani ilitangaza vizuizi kwa raia wa nchi kadhaa, zikiwemo Burundi na Somalia, na orodha imekuwa ikiongezwa. Usidhani nchi yako haimo; angalia tovuti ya ubalozi wiki unayotaka kusaini. Kiulize chuo kwa maandishi: nikinyimwa viza, mtaniahirishia nafasi pamoja na msaada wangu? Barua ya nafasi bila ya msaada haina kazi.

7. Amua

Vikibaki viwili, fanya jaribio hili. Vyuo vingi hukutaka uandike insha fupi ya kwa nini unakitaka. Ziandike zote mbili, kwa maneno 250 kila moja, bila kutaja cheo chake kwenye orodha za ubora, uzuri wa kampasi, wala neno "ndoto". Taja kozi, namna ya kufundisha, kazi ya profesa uliyoisoma, jambo utakalolifanya huko ambalo chuo cha pili hakina. Insha moja itakwenda yenyewe. Nyingine utaivuta kama punda aliyekataa. Ile iliyokwenda ndiyo ya ED.

Kama zote mbili zimekataa, usiombe ED. Omba vyuo vyote kwa njia ya kawaida Januari, ulinganishe barua Machi na Aprili. Vivyo hivyo kama mzazi mmoja hajaafiki, au kama hujapata jibu la pesa linaloeleweka. Mshauri atakayekusukuma usaini ukiwa na shaka hizo hakutakii mema.

Majibu ya Desemba yatakuwa moja kati ya matatu. Ukikataliwa, dirisha la pili la chuo kingine liko wazi, kwa hiyo insha yake iwe imeshaandikwa kabla hujafungua jibu la kwanza. Ukisogezwa kwenye kundi la kawaida, ahadi yako imekwisha. Uko huru, hata kujifunga na chuo kingine kwenye dirisha la pili.

Ukikubaliwa, kabla ya shangwe chukua kalamu na barua ya msaada. Andika gharama zote, ondoa kila dola ya msaada usiorudishwa, kisha tazama kilichobaki ni cha nani: mzazi, kazi yako ya chuoni, au mkopo. Ongeza visivyoandikwa: nauli, ada ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwasajili wanafunzi wageni) dola 350, ada ya viza, koti. Ikiwa mchango wa familia umezidi uwezo, siku hiyohiyo iandikie ofisi ya misaada, ukiambatanisha ule mchanganuo wa duka la mama na hati yoyote mpya, uombe waangalie upya, na uwaombe muda zaidi wa kuthibitisha. Jibu lao likija na hesabu ikakubali, thibitisha nafasi, ondoa maombi mengine yote, na ukaanze foleni ya pasipoti.